Karavani ndogo na runinga kubwa: ya inchi 32 au ya inchi 40?

Ndugu msomaji,

Umenieleza kwamba karavani yako ina urefu wa mita 4.6 kwa ndani, kwamba mbele kuna benchi lililoizunguka meza, nyuma kuna kitanda, na katikati, upande wa mlango, limesimama kabati la nguo ambalo ubavu wake unatazamana na benchi. Kwenye ubavu huo, wenye upana wa sentimita 55, ndipo ilipotundikwa runinga ya inchi 22 mliyoikuta mlipoinunua karavani. Wewe na mwenzako hamwezi tena kuyasoma maandishi ya chini ya skrini bila kuinuka, na mnataka kuweka runinga ya inchi 40. Unauliza mambo matatu: kama itaenea, itafungwaje ili isianguke njiani, na kama betri yenu moja ya ampea-saa 100 itaihimili. Umefanya vyema kuniletea vipimo, kwa maana bila kujua kwamba kutoka ubavu wa kabati hadi machoni penu ni mita 2.1, na kwamba ujia una upana wa sentimita 65, ningekuwa nabahatisha.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba runinga ya inchi 40 haitafaa mahali hapo, ya inchi 32 itafaa sana, na ukiifunga hiyo ya inchi 32 kwenye mkono wa chuma unaovutika mtaiona kwa ukubwa uleule mlioutarajia kutoka kwa ya inchi 40. Hilo la mwisho watu huwa hawaliamini mpaka walipigie hesabu, kwa hiyo naanza nalo.

Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya skrini hadi kona iliyo mkabala nayo, bila kuhesabu fremu. Kwa kuwa karibu skrini zote za siku hizi zina uwiano wa 16 kwa 9, upana wake ni kama asilimia 87 ya mshazari na kimo chake ni kama asilimia 49. Kwa hiyo runinga ya inchi 22 ina skrini yenye upana wa sentimita 49 hivi, ya inchi 32 sentimita 71, na ya inchi 40 sentimita 89. Hata hivyo, maandishi yataonekana makubwa au madogo kutegemea pembe ambayo skrini inaijaza machoni pa mtazamaji, na pembe hiyo huamuliwa na upana pamoja na umbali. Runinga yenu ya sasa, ikitazamwa kutoka mita 2.1, inajaza digrii 13 tu. Ya inchi 40 ikibanwa palepale kwenye kabati ingejaza digrii 24. Ya inchi 32 ikibanwa hapo hapo ingejaza digrii 19, lakini ikivutwa sentimita 45 kuelekea mlipoketi, umbali unabaki mita 1.65 na pembe inapanda hadi digrii 24 vilevile. Inchi nane mnazozitafuta zimo ndani ya mkono wa chuma, tena mkono huo unarudi ukutani mkimaliza kutazama, jambo ambalo runinga kubwa haiwezi kulifanya.

Sasa tuje kwenye ujia, ambao ndio unaoikataa ya inchi 40. Ukijumlisha fremu, runinga hiyo itakuwa na upana wa sentimita 90 hivi, na kwa kuwa ubavu wa kabati ni sentimita 55, sentimita 35 zitachomoza kwenye ujia wenu na kuuacha na sentimita 30 za kupita. Mtu mzima hapiti hapo ila kwa ubavu, na usiku, mmoja akiamka gizani, atajigonga kwenye kona ya skrini. Ya inchi 32 ina upana wa sentimita 73 pamoja na fremu, hivyo itachomoza sentimita 18 na kuacha sentimita 47. Si upana wa kujivunia, ila mtu hupita bila kugeuka, ingawa aliyebeba sufuria ya moto itambidi apunguze mwendo. Najua utafikiria kuihamishia ya inchi 40 mbele ya dirisha la upande wa pili, kwa sababu wengi hulifikiria hilo. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kuhakikisha kwamba dirisha hilo si la kutokea wakati wa dharura. Katika baadhi ya karavani madirisha ya aina hiyo hutambulika kwa mipini yake myekundu. Moto katika nyumba ndogo ya plaiwudi na povu haumpi mtu muda wa kutafuta bisibisi.

Kabla hujanunua chochote, kata boksi gumu lenye upana wa sentimita 73 na kimo cha sentimita 43, libandike kwa utepe mahali runinga itakapokaa, kisha ishini nalo siku nzima. Fungueni kabati la nguo, ingieni na kutoka mlangoni mkiwa na mizigo, pikeni, tandikeni kitanda. Jioni, mmoja wenu alishike umbali wa sentimita 45 kutoka kabatini huku mwingine ameketi kwenye kila kona ya benchi kwa zamu. Nimeona boksi la namna hiyo likigundua kwamba mlango wa friji hautafunguka, na nimeona likimwonyesha mtu kwamba taa ya dari ingemulika skrini moja kwa moja. Kugundua hayo kabla ya kutoboa ni bora kuliko ustadi wowote wa kuziba matundu baadaye.

Kuhusu runinga yenyewe nina mambo mawili tu ya kusisitiza. La kwanza ni idadi ya nukta za skrini. Runinga nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, na chache zina 1920 kwa 1080. Sebuleni, mtu akikaa mita tatu, tofauti haionekani. Kwenu, kwa umbali wa mita 1.65, jicho zima linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu nusu milimita. Nukta za ile ya kwanza zina upana wa milimita 0.52 na za ile ya pili milimita 0.37, maana yake za kwanza ziko pale pale penye mpaka wa kuonekana na maandishi yatakuwa na kingo za meno, ilhali za pili zitajificha. Kwa kuwa lalamiko lenu lilianzia kwenye maandishi, tafuteni yenye 1920 kwa 1080 hata kama itawalazimu kusubiri. Zaidi ya hapo, kwa ukubwa huu na umbali huu, macho hayatafaidi kitu.

La pili ni namna skrini inavyoonekana ikitazamwa kutoka pembeni. Benchi lenu limezunguka meza, kwa hiyo mmoja atakuwa anaitazama skrini kwa upande, na mkijilaza mtakuwa mnaitazama kutoka chini. Paneli za aina ya VA huonyesha weusi uliokolea mtu akiwa mbele yake, lakini rangi hupauka akisogea pembeni. Za aina ya IPS hazina weusi mzito kiasi hicho, ila rangi zake hubaki zilivyo kwa pembe kubwa. Kwa karavani mimi huchagua IPS bila kusitasita. Lebo mara nyingi haisemi ni ipi, kwa hiyo dukani simama pembeni mwa runinga iliyowashwa, kisha chuchumaa, na uangalie kama nyuso za watu zinageuka kijivu.

Sasa nifike kwenye kufunga, ambako ndiko ninakoombwa msaada mara nyingi, na mara nyingi kwa kuchelewa. Niliwahi kuitwa kuitazama karavani ambayo runinga yake ya inchi 32 ilikuwa imeanguka katika safari ya pili tu baada ya kufungwa. Nilipouokota mkono wa chuma sakafuni, skrubu zote nne zilikuwa bado zimo kwenye bamba lake, hakuna iliyopinda wala kukatika, na kila moja ilikuwa imevaa pete ya nyuzi nyeupe za plaiwudi shingoni. Ukutani kulikuwa na matundu manne ya kuingia kidole gumba, na kwenye benchi chembe za povu zilikuwa zimemwagika kama unga. Skrubu zilikuwa nzuri, mkono ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni mbao ya kushikwa na skrubu.

Ukuta wa nje wa karavani kwa kawaida ni tabaka la alumini au faibaglasi kwa nje, povu katikati, na plaiwudi nyembamba ya milimita tatu hivi kwa ndani. Mifupa yake, iwe ya mbao au ya mirija ya alumini, imepita hapa na pale tu. Skrubu iliyoingia kwenye plaiwudi na povu peke yake haijashika kitu. Wewe una bahati kwamba runinga yako inakaa kwenye ubavu wa kabati, kwa sababu ubavu huo una pande mbili na unaweza kufikia zote. Fungua mlango wa kabati, sogeza nguo, na utaona upande wa pili wa mahali unapotaka kutoboa. Hapo usitumie skrubu za mbao kabisa. Tumia bolti nne za milimita 6 zinazopita moja kwa moja hadi ndani ya kabati, na huko ndani weka ubao wa plaiwudi ya milimita 12, wenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40, uliopakwa gundi ya mbao na kubanwa na bolti hizohizo, kila nati ikiwa na washa pana chini yake. Ubao huo unaugawa mzigo kwenye eneo kubwa la ubavu badala ya kuuacha kwenye matundu manne.

Utaelewa ninavyosisitiza ukiupigia hesabu mzigo wenyewe. Runinga ya inchi 32 ina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Chukua kilo 5 zikining'inia sentimita 45 kutoka kabatini, kwenye bamba ambalo bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 20. Mkono unafanya kazi kama wenzo, na bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 11, mbali na uzito wa mkono wenyewe. Ukiurudisha mkono mpaka runinga iwe sentimita 8 kutoka kabatini, mvuto unashuka hadi kilo 2. Barabarani, gurudumu linapoingia kwenye shimo, mzigo unaweza kuongezeka mara tatu kwa sekunde moja, hivyo mkono uliokunjwa unavuta kilo 6 na uliosahaulika wazi unavuta kilo 34, tena mara mia kadhaa katika safari moja. Ndiyo maana kukunja mkono na kuufunga kabla ya kuondoka ni sehemu ya kuifunga runinga, sawa na bolti zenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Bolti zikishika ubavu wa kabati barabara, kabati lenyewe limeshikwa na nini? Katika karavani nyingi ndogo kabati limebanwa kwenye vijiti vyembamba kwa pini za stepla, kwa kuwa aliyelitengeneza alifikiria nguo tu. Weka kiganja chako juu ya ubavu, kimo cha kifua, na usukume mbele na nyuma kwa nguvu za kawaida. Likitikisika, au ukisikia mlio kwenye dari, ongeza vyuma vya pembe ndani ya kabati: viwili sakafuni, viwili kwenye ukuta wa nje mahali penye mfupa. Mfupa wa mbao utaupata kwa sumaku ndogo, kwa kuwa sumaku hunasa kwenye pini na skrubu zilizopigiliwa humo, zikiwa zimepangana kwa mstari. Mirija ya alumini haivutwi na sumaku, ila skrubu za chuma zilizoishika huvutwa. Ukitoboa upande wa ukuta wa nje, funga utepe kwenye ncha ya drili ili ukuonyeshe mahali pa kusimama, kwa sababu ukuta wote unaweza kuwa na unene wa sentimita 3 tu, na tundu likitokea nje utakuwa umeikaribisha mvua ndani ya povu. Mbao iliyooza kutokana na tundu dogo namna hiyo hugundulika baada ya miaka, na kuibadilisha ni kazi ya wiki nzima.

Nyuma ya runinga utakuta matundu manne ya kufungia, yaliyopangwa kwa kipimo kinachoitwa VESA. Kwa inchi 32 mara nyingi yameachana milimita 100 kwa 100, au 200 kwa 100, au 200 kwa 200, kwa hiyo yapime kabla ya kununua mkono. Skrubu zake mara nyingi ni za milimita 4, wakati mwingine 6. Chomeka kijiti cha kiberiti ndani ya tundu, weka alama kinapogota, na uchague skrubu ambayo, ukishatoa unene wa bamba la mkono, haitazidi alama hiyo. Skrubu ndefu kupita kiasi huingia hadi kwenye skrini, na hakuna fundi atakayeirudisha hali yake.

Chagua mkono wenye viungo viwili na pini au kitasa cha kuufunga ukiwa umekunjwa. Mikono ya nyumbani mingi haina pini hiyo, kwa sababu nyumba hazitembei. Kwenye pembe ya chini ya runinga, bandika kipande cha sponji kati yake na kabati, kisha uizungushie mkanda mmoja wa kitambaa wenye kifungo cha kubana. Kumbuka kwamba sentimita 18 za runinga yako zitakuwa hewani upande wa ujia, na sehemu hiyo isipobanwa itapiga kama bawa kwenye kila tuta. Kwenye lami, pini na mkanda vinatosha. Kwenye barabara ya vumbi yenye mabonde, mimi huichomoa runinga kabisa, na kwa hilo mkono wenye bamba la kuchomoa bila bisibisi unafaa mno. Ikishachomolewa isafirishwe ikiwa wima, skrini ikiegemea godoro, blanketi likiwa katikati. Usiilaze chali kitandani ukaiwekea mito juu. Kioo kilicholala huyumba katikati kila gari linaporuka, na ufa wake huanzia pembeni ambako hauonekani mpaka uwashe.

Ukiwa unapanga mahali pa bamba, hakikisha vilevile kwamba runinga, mkono ukinyooshwa kila upande, haiwezi kufika juu ya jiko, na kwamba mtu mmoja anaweza kuirudisha kabatini kwa mkono mmoja akiwa gizani. Ikivutwa itakuwa mbele ya mlango wenu wa kuingilia, na mlango huo ndio njia yenu ya kwanza ya kutoka. Jizoesheni kuirudisha kabla ya kulala, hata kama filamu imewachosha.

Nimebakiza umeme. Betri yenu ya ampea-saa 100, ikiwa ni ya risasi na asidi, haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu kama mnataka idumu, kwa hiyo mna ampea-saa 50, sawa na wati-saa 600 hivi. Runinga ya inchi 32 hutumia karibu wati 40. Mkiitazama kwa muda wa saa nne kila jioni ni wati-saa 160, yaani ampea-saa 13 na ushei, na betri itahimili bila shida mkiwa na taa na pampu ya maji pia. Hofu yenu ya betri kwa hiyo ina msingi mdogo, ila inategemea umeme huo utaifikiaje runinga.

Runinga iliyotengenezwa kwa volti 12 ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu inachomekwa palepale ilipochomekwa ya zamani. Ya nyumbani inahitaji inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani, na inveta hula sehemu yake: kwa wastani asilimia 10 hadi 15 ya kinachopita, na juu ya hapo wati 8 au 10 kwa kuwa imewashwa tu, hata runinga ikiwa imezimwa. Inveta iliyosahauliwa kwa siku nzima ikila wati 10 inamaliza ampea-saa 20, zaidi ya jioni nzima ya kutazama. Mkifuata njia hii, nunueni ndogo ya wati 150 hadi 300, yenye wimbi safi la saini (kwa Kiingereza pure sine wave), iwekwe karibu na betri mahali penye hewa, na swichi yake iwe mahali mnapoifikia bila kuinua godoro.

Kuna njia ya tatu inayopendwa na mafundi, nami naipenda kwa masharti. Baadhi ya runinga ndogo za nyumbani hutumia adapta ya nje, na lebo ya adapta hiyo huonyesha kwamba inatoa volti 12. Mtu huona lebo hiyo, akaiondoa adapta na kuunganisha betri moja kwa moja. Tatizo ni kwamba betri ya volti 12 haina volti 12 sikuzote: ikichajiwa hufika 14.4, na ikichoka hushuka chini ya 12. Runinga ambayo maishani mwake yote imelishwa volti 12 kamili inaweza kuungua siku ya kwanza chaja ikiwashwa. Weka katikati kidhibiti volti kinachopokea chochote kati ya volti 9 na 16 na kutoa 12 thabiti, na njia hii itakuwa bora kuliko inveta. Ikiwa lebo inasema volti 19, kipo kifaa kama hicho kinachopandisha. Dhamana ya runinga huenda ikapotea ukifanya hivyo, na hilo ulipime mwenyewe.

Usiuamini waya wa zamani bila kuukagua. Runinga yenu ya inchi 22 ilivuta chini ya ampea 2. Mpya itavuta zaidi ya ampea 3. Kama waya uliopo ni wa milimita za mraba 0.75 na betri iko mita 6 kutoka kabatini, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi, na unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Betri ikiwa na volti 12.2 usiku, runinga itapata 11.3, na mtaona ikijizima yenyewe katikati ya kipindi huku taa zote zikiwaka vizuri. Watu wengi wamebadilisha betri na hata runinga kwa sababu ya kosa hilo. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali uleule unapoteza volti 0.3 tu. Upitishe ndani ya kabati, uuache na ulegevu wa kutosha ili mkono uweze kunyooka bila kuuvuta, na uweke fyuzi ya ampea 7.5 upande wa betri, kwa kuwa kazi ya fyuzi ni kuulinda waya wote usiwake moto, na waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na kitu.

Kebo ya antena nayo iongezewe urefu uleule, ipite mbali na inveta kadiri nafasi inavyoruhusu, maana inveta hutoa kelele za umeme zinazovunjavunja picha. Ikiwa kwenye ukuta kuna soketi ya antena yenye kitufe na taa ndogo, hicho ni kiongeza nguvu cha antena: kiwashe unapotafuta stesheni, kizime usipotazama. Sauti ya runinga nyembamba hutokea nyuma au chini na itagonga kabatini, hivyo spika ndogo mezani itawasaidia kusikia maneno kuliko kupandisha sauti. Na asubuhi ya baridi, mkikuta matone kwenye vioo vya madirisha, jueni kwamba matone hayo huenda yamo ndani ya runinga pia. Pasha chumba joto, subiri saa moja au mbili, ndipo uiwashe.

Uzito mlioongeza, yaani runinga, mkono, bolti na ubao, ukitoa runinga ya zamani, hauzidi kilo 6 au 7, na kwa kuwa kabati liko katikati karibu na ekseli hautabadilisha sana mzigo unaoikalia ndoano ya gari. Uhesabu tu pamoja na mizigo mingine.

Kwa upande wa nati, tumia zile zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Hata hivyo, baada ya safari ya kwanza ya kilomita 100 hivi, fungua kabati uzijaribu kwa spana, kwa sababu plaiwudi mpya hukaa chini ya washa na nati huonekana imebana kumbe imepata nafasi. Ikizunguka robo duru, ikaze na ujaribu tena baada ya safari inayofuata. Isipozunguka, rudisha nguo zenu ndani ya kabati.